Kanda la Usufi

Newala ni mji uliokaa ukingoni. Kusini na magharibi yake uwanda wa juu wa Makonde hukatika ghafla, na aliyesimama mahali paitwapo Shimo la Mungu huliona bonde limetanda chini ya miguu yake hadi kwenye mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto huo nchi ya Msumbiji. Mgeni hupapenda mahali hapo kwa uzuri wake. Mwenyeji, kwa vizazi vingi, alipolitazama bonde hilo aliona maji. Maji yako chini, naye yuko juu. Udongo wa uwanda ule ni wa kichanga. Hunywa mvua yote inayouangukia na kuipeleka chini kabisa, ikaja kutokea tena katika chemchemi za miteremkoni na mabondeni. Juu kuna mikorosho, mihogo, baridi ya mwezi wa Juni, na kiu.

Kwa nini basi watu wakakaa mahali pasipo maji? Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, alikiandika kisa ambacho Wamakonde walikuwa wakisimulia juu ya asili yao. Hapo mwanzo palikuwa na kiumbe mmoja wa porini, hajaoga wala hajanyoa, akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, akaisimamisha, na kulipokucha akaikuta ina uhai, akaioa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kando ya mto, akafa. Wakapanda juu kidogo. Wa pili naye akafa. Wakapanda tena hadi kwenye vichaka vya juu kabisa, na huko wa tatu akaishi. Ikawa wasia kwa wajukuu kwamba wasikae karibu na maji makubwa. Wako pia wasemao kuwa watu walipanda juu kuwakimbia wavamizi wa zama za misafara ya watumwa, na hapana haja ya kuchagua baina ya kisa na historia, maana vyote viwili vyaweza kuwa kweli. Lisilo na shaka ni kwamba waliochagua kimo walikubali kukilipia kwa shingo. Nazo shingo zilizolipa zilikuwa za wanawake: kushuka na mtungi kabla ya alfajiri, na kupanda nao jua likiwa limekwisha kuwa kali.

Katika miaka ya 1950 iliwekwa mitambo ya kuyasukuma maji kutoka mabondeni hadi juu. Lakini mtambo huharibika, mafuta huisha, bomba hupasuka, na kila mara hayo yalipotokea njia za zamani zilipata wapitaji wapya. Safari hii miongoni mwao alikuwamo mwanamume mwenye baiskeli. Baiskeli yenyewe ni ile nyeusi ya chuma, ya kutoka Uhindi au Uchina, iliyonunuliwa kwa pesa ya korosho katika mwaka mzuri, keria yake imeongezwa nondo na fundi, na juu ya keria yamefungwa madumu kwa mpira wa tairi kuukuu. Dumu moja ni lita 20. Madumu manne ni kilo 80, mbali na chuma chenyewe. Baiskeli hiyo kwenye kilima haipandwi, husukumwa: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye tandiko, na mwili wote umeinama kama wa mtu anayemtafuta kitu alichokiangusha.

Yafaa kusimama hapa kidogo. Maji yalipobebwa kichwani na mwanamke yalikuwa wajibu wake, hapana aliyeyahesabu. Yalipopandishwa na mwanamume juu ya keria yalipata bei. Maji ni yale yale, kilima ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba mchukuzi wa pili anaonekana, ana chombo, anapiga kengele, na aweza kusema leo siendi. Kadhia hii itarejea mbele, maana ndani yake mna swali lote.

Katika mashindano makubwa ya baiskeli ya Ulaya pia yuko mbeba maji. Ndivyo anavyoitwa hasa, na si kwa mafumbo. Timu huingia barabarani na waendeshaji wanane, zamani tisa, na aghalabu mmoja tu ndiye kiongozi ambaye ushindi unatafutwa kwa ajili yake. Waliobaki hurudi nyuma hadi kwenye gari la timu, hujaza chupa za maji mifukoni na mgongoni ndani ya fulana mpaka wakavimba kama wenye vibyongo, kisha huanza kulikimbiza kundi ili wagawe walichokibeba. Kiongozi akipata pancha, mmoja wao humvulia gurudumu lake. Wafaransa huwaita kwa neno linalomaanisha mtumishi wa nyumbani, na neno hilo halikuanza kwa heshima. Mwaka 1911 Henri Desgrange, mwasisi wa Tour de France, alimtupia neno hilo mwendeshaji Maurice Brocco, aliyeshukiwa kuuza msaada wake kwa mwenzake aliyekuwa hatarini kutolewa. Desgrange alitaka kila mtu ashinde au ashindwe peke yake. Baadaye Brocco akaendesha kwa hasira na kuishinda hatua nzima mbele ya macho ya bwana huyo. Akatolewa mashindanoni hata hivyo, kwa hoja kwamba mwenye nguvu kiasi hicho alikuwa amezificha kwa ujira. Tusi likabaki, na baada ya miaka likawa cheo.

Lakini mzigo mkubwa wa mtu huyu si chupa. Ni upepo. Anayetangulia huipasua hewa, na anayemfuata kwa karibu huokoa kiasi cha theluthi ya nguvu zake. Mtu aweza kuvutwa hivyo kilomita 150 bila ya kushikwa mkono wala kufungwa kamba, akafika chini ya mlima wa mwisho miguu yake ingali mibichi, akapanda, akashinda, akasimama jukwaani na maua. Wahenga wa mwambao waliposema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi hawakuwa wamewahi kuiona Tour de France, lakini hapana mchezo unaoithibitisha methali hiyo kwa hisabu kama huu. Kwa aliye nyuma upepo haupo kabisa. Huusikia pale tu yule wa mbele anapoondoka.

Miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki waliowahi kulipwa kwa kazi hii yuko Adrien Niyonshuti wa Rwanda. Alizaliwa Rwamagana mwaka 1987. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yalimkuta ana umri wa miaka saba, yakamchukulia ndugu zake sita na jamaa wengi wengine. Alikulia katika nchi ambayo baiskeli, kama ilivyo Masasi na Newala, ilikuwa kwanza chombo cha mzigo: viazi, ndizi, abiria wa kulipa, na huko milimani hata baiskeli za mbao zisizo na mnyororo, zinazoteremka na magunia kwa uzito wake zenyewe. Mmarekani Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli aliyefika huko katikati ya miaka ya 2000, aliyaona hayo akabuni baiskeli ndefu ya kubebea kahawa. Na kutokana na safari hizo ikazaliwa pia timu ya taifa ya mashindano, ambayo baadhi ya vijana wake walikuwa wamejenga miguu kwa kubeba watu kwa nauli. Niyonshuti alilishinda shindano la kuizunguka Rwanda mwaka 2008. Mwaka uliofuata alichukuliwa na timu ya MTN ya Afrika Kusini, akawa Mnyarwanda wa kwanza kuingia katika timu ya kulipwa.

Huko alikutana na baiskeli ya namna nyingine. Sheria ya mchezo huo inakataza baiskeli ipungue kilo 6.8, maana bila ya sheria mafundi wangeipunguza zaidi. Mwenye kuiinua kwa vidole viwili hataamini kuwa ni jamaa ya ile ya chuma inayosukumwa kilimani Newala. Barabara ya kutoka Masasi, penye vile vilima vya mawe vilivyochomoza katikati ya tambarare, hadi Newala ni mwendo wa kiasi cha kilomita 70. Mwendeshaji wa daraja lile, akipewa lami, angeimaliza kabla chai ya asubuhi haijapoa sana. Mwenye madumu huanza siku kwa mteremko mmoja na kuimaliza kwa mpando mmoja. Na bado kazi ya wawili hao, ikitazamwa vyema, ni moja: kuyapeleka maji juu yalipo, wanywe wengine.

Kwa miaka mingi Niyonshuti aliitumikia timu yake kama mtumishi, akigawa upepo na chupa. Timu hiyo, iliyojulikana baadaye kwa jina la MTN-Qhubeka, ilikuwa pia ikilitangaza shirika la Afrika Kusini linalowapatia watu baiskeli za kwendea shule na kazini. Hivyo kila chupa iliyobebwa barabarani Ulaya ilikuwa na uhusiano wa mbali na keria fulani ya Afrika. Mwaka 2015 ikawa timu ya kwanza iliyosajiliwa Afrika kuingia Tour de France. Daniel Teklehaimanot wa Eritrea akavaa kwa siku kadhaa jezi ya madoa mekundu ya mfalme wa milima. Niyonshuti hakuwamo katika wale tisa waliochaguliwa. Ukizitafuta hatua alizoshinda katika mashindano makuu ya Ulaya huzipati. Yako mashindano ambayo aliyaacha njiani, kazi yake ikiwa imekwisha, maana mtumishi akishakwisha kuutoa upepo wake wote hana sababu ya kufika. Mwaka 2012 aliibeba bendera ya Rwanda katika ufunguzi wa Olimpiki za London, na siku ya mwisho ya michezo hiyo akashindana katika baiskeli za milimani, akamaliza wa 39. Mwaka 2016 aliibeba tena bendera Rio de Janeiro, safari hiyo kwa mbio za barabarani, na hakumaliza. Baada ya hapo akastaafu, akawa mwalimu.

Swali basi ni hili. Maisha kama hayo, yaliyotumika kuwavunjia upepo watu ambao majina yao ndiyo yaliyoandikwa, yana heshima ya namna gani? Wapo wanaojibu haraka kwamba utumishi wote ni heshima, na kwamba pasipo wabeba maji hapana bingwa. Jibu hilo ni zuri masikioni, na aghalabu hutolewa na waliokaa nyuma penye utulivu. Nchi ya Masasi na Newala ina sababu ya kulishuku.

Maana nchi hiyo imewaona wachukuzi wa aina nyingine. Njia za kutoka Nyasa kwenda Kilwa zilipita pande hizo, na pembe zilizofika pwani zilifika juu ya mabega ya watu ambao wenyewe nao walikwenda kuuzwa. Masasi, penye misheni iliyoanzishwa mwaka 1876, ilikaliwa mwanzoni na watumwa waliokombolewa, ambao Askofu Edward Steere aliwatoa Unguja na kuwapeleka kwa miguu kutoka Lindi. Watu hao walijua mzigo ni nini. Kisha vikaja vita vya 1914 hadi 1918. Wareno waliivuka Ruvuma mwaka 1916, wakaliteka boma la Newala, wakafurushwa. Mwaka 1917 vita vyenyewe vikahamia kusini, na mwezi wa Novemba jeshi la Lettow-Vorbeck likapita juu ya uwanda wa Makonde na kuvuka mto kuingia Msumbiji. Majeshi ya pande zote yalitembea kwa vichwa vya wapagazi. Walichukuliwa vijijini kwa mamia ya maelfu, na kwa makumi ya maelfu wakafa kwa njaa, kuhara na kuchoka. Hapana ajuaye wengi wao walizikwa wapi. Mji wa Dar es Salaam unawakumbuka kwa jina la soko, Kariakoo, ambalo wanunuzi wake hawana haja ya kujua limetoka wapi. Na katikati ya mji huo huo iko sanamu iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi pamoja na askari. Lakini aliyetiwa katika shaba ni askari peke yake na bunduki yake. Mchongaji naye alikuwa na jukwaa lenye nafasi ya mtu mmoja.

Mpagazi wa 1917 alibeba, na mtumishi wa timu hubeba. Tofauti ya wazi ni hiari na ujira, na si tofauti ndogo: aliyeweka saini mkataba si aliyefungwa kamba. Lakini je, inatosha? Mwanamke wa mtungi hakufungwa kamba, na hakupewa ujira, na neno hiari halimfai wala neno shuruti halimtoshi. Mwenye madumu anao ujira, ila ukosefu wa kazi nyingine ndio uliomchagulia. Ujira hulipa miguu. Kuhusu jina hausemi kitu.

Mwaka 1934 kijana wa Kifaransa wa miaka 20, René Vietto, alikuwa akipanda milima kuliko wote katika Tour de France. Kiongozi wa timu yake, Antonin Magne, alikuwa amevaa jezi ya njano. Katika milima ya Pyrenees Magne akavunja gurudumu; Vietto akampa lake, akakaa juu ya ukuta wa mawe kando ya barabara akingoja gari, akilia. Kesho yake Magne akapata mkasa tena, na Vietto, aliyekuwa mbele, akageuza baiskeli, akaurudia mlima alikotoka kinyume cha mbio, akampa baiskeli nzima. Magne alishinda. Picha ya kijana yule ukutani ikawafanya Wafaransa wampende kuliko mshindi. Tangu hapo picha hiyo huonyeshwa kuwa ni sura ya kujitolea, na wachache huuliza kwa nini basi alikuwa akilia. Mtu aliyetoa kwa radhi halii hivyo. Yale yalikuwa machozi ya mtu aliyetii, naye anajua thamani ya alichokitoa. Vietto aliendelea kushindana. Mwaka 1939 alimaliza wa pili, mwaka 1947 aliivaa jezi ya njano siku nyingi na kuipoteza karibu na mwisho. Tour de France hakuishinda kamwe.

Linganisha na Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kuanza kufundwa mchezo huu na David Kinjah katika mji mdogo wa Kikuyu. Mwezi wa Julai 2012, juu ya mlima wa La Toussuire katika Alps, Froome aliyekuwa mtumishi alimwacha nyuma bwana wake Bradley Wiggins, kisha, kwa amri iliyomfikia sikioni kwa redio, akapunguza mwendo na kumngoja. Wiggins alishinda Tour ya mwaka huo, Froome akawa wa pili. Mwaka uliofuata ikawa yeye ndiye anayevutwa, akaishinda, na akaishinda tena 2015, 2016 na 2017. Aliyengoja alikuja kungojwa. Hadithi hii haimlizi mtu, na sababu yake yaeleweka mara moja kwa neno ambalo Kiswahili kinalo na linatosha: zamu.

Waendeshaji waliochomoka kutoka kwenye kundi, hata wawe wa timu zenye uadui, hushika zamu upepo. Mmoja hutangulia kwa muda mfupi, akajitoa pembeni, akarudi nyuma, wa pili akapokea. Hapana mwamuzi anayelazimisha, lakini anayekwepa zamu hutukanwa na wote kwa kila lugha iliyopo barabarani. Ni sheria isiyoandikwa, na yenye kuheshimiwa kuliko nyingi zilizoandikwa. Watu wa pwani waijua katika chombo: nahodha anaweza kushika shikio mchana kutwa, lakini kufua maji kwenye ngama ni kazi ya zamu, na baharia atakayepewa upo siku tatu mfululizo ataanza kuuliza maswali yanayohusu nasaba yake. Upo si kitu cha aibu. Aibu ni kuwa wa mtu mmoja.

Hapa ndipo penye kiini, kwa maoni ya makala haya: kubeba hakumshushi mtu wala hakumpandishi. Kinachopima ni kama mzigo una njia ya kuhama bega. Mpagazi alinyimwa njia hiyo kwa bunduki, mwanamke wa mtungi kwa mazoea, Vietto kwa bahati na kwa amri za watu waliomzidi umri. Froome aliipata. Na Niyonshuti?

Jibu la kawaida kuhusu Niyonshuti ni kwamba zamu yake ilipokewa na waliomfuata. Jibu hilo lina ushahidi. Kule Rwamagana kuna chuo cha kuwafundisha vijana baiskeli chenye jina lake. Mwaka 2014 Valens Ndayisenga, kijana wa miaka 20, aliishinda Tour du Rwanda, Mnyarwanda wa kwanza kufanya hivyo tangu ilipoingizwa katika kalenda ya kimataifa mwaka 2009. Akaishinda tena mwaka 2016. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, na wale waliozoea kuuona mpando kuwa ni wa Alps peke yake wakakutana na kilomita 267.5 za vilima ambazo waendeshaji 30 tu ndio waliozimaliza. Mtu wa kwanza kupita alipasua hewa, wengine wakafuata.

Lakini faraja hii ina hatari, na si haki kuipitisha bila ya kuikagua. Ni faraja ile ile aliyopewa mwanamke wa mtungi: kwamba malipo yake yamo katika watoto wake. Aliambiwa hivyo kizazi baada ya kizazi, na kila kizazi binti yake alirithi mtungi. Mtu akishakubali kwamba zamu ya bibi itashikwa na mjukuu, basi hapana haraka ya kuleta bomba. Waliokalia penye utulivu wanapenda sana kuwaahirishia wabebaji.

Kinachomtoa Niyonshuti katika hatari hiyo ni siku ile ya London zaidi kuliko mafanikio ya wanafunzi wake. Katika mbio za baiskeli za milimani hapakuwa na kiongozi wa kumvunjia upepo wala gari la kumjazia chupa kwa ajili ya mwingine. Alikuwa na jina lake na nchi yake mgongoni. Alimaliza wa 39, na katika daftari la matokeo 39 ni namba yake mwenyewe. Ni kitu kidogo. Hata hivyo mpagazi wa 1917 hakupata kidogo kama hicho, maana hapakuwa na daftari ambamo aliingia kwa jina. Na ni kitu ambacho mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi bila ya kuwadanganya: kwamba aliwahi kubeba, na aliwahi kwenda bila ya mzigo wa mtu, na yote mawili aliyajua.

Newala nako mambo yanageuka. Pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya baiskeli, na mabomba yamefika mitaa ambayo zamani hayakufika, ijapokuwa si kila siku yana kitu ndani yake. Siku hizo za ukavu mwenye madumu bado hupita. Huegemeza baiskeli ukutani, hufungua mpira wa tairi, huliteremsha dumu kwa goti. Mwenye nyumba anaweza kuwa ni bibi ambaye katika usichana wake aliijua njia ya bondeni kwa nyayo. Huyo hatazami kwanza kama dumu limejaa. Humwuliza kijana amepandia njia gani, na akitajiwa ile yenye mawe huingia ndani, akatoka na kikombe, akamchotea anywe kabla ya kuulizana bei.